UZI: Molekuli kubwa za kikaboni juu ya dhahabu, fedha na shaba: zinanata vipi, zinajipanga vipi, na vipimo vinatudanganya wapi

Tabaka_Moja (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali ya PTCDA, thalosianini na pofirini yametapakaa kwenye nyuzi za transista na seli za jua. Mtu anauliza leo, kesho uzi umeshahamia kwingine. Tuyakusanye hapa. Tunazungumzia molekuli zenye atomi kuanzia 30 hadi 100 hivi, zinazovukizwa ndani ya ombwe na kutua juu ya fuwele moja ya metali, hasa uso wa (111), ule ambao atomi zimebanana zaidi.

Nianze na kinachosahaulika sana: uso wa metali si sakafu. Unatoa elektroni, unarudishiwa, atomi zake zinahama, na kuna wakati atomi ya metali inaingia katikati ya molekuli na kubaki humo. Anayechora molekuli bapa imelala juu ya safu za mipira iliyotulia atakwama mapema kwenye data zake.

Chukua PTCDA, C24H8O6, 392 g/mol: kiini cha perilini chenye anhidridi kila upande. Urefu wa kaboni zake juu ya tabaka la kwanza la metali umepimwa: 3.27 Å (Å 1 ni sehemu ya kumi ya nanomita) kwenye Au(111), 2.86 Å kwenye Ag(111), 2.66 Å kwenye Cu(111). Ndani ya fuwele yake yenyewe, molekuli hizi zimepangana kwa umbali wa 3.22 Å. Kwa hiyo kwenye dhahabu inakaa karibu kama inavyokaa juu ya mwenzake, lakini kwenye fedha imevutwa chini.

Hapo wengi huhitimisha kwamba shaba ndiyo inayovuta zaidi kwa kuwa 2.66 ni ndogo. Msikimbilie. Atomi ya shaba ni ndogo, kwa hiyo urefu ulinganishwe na jumla ya nusu-vipenyo vya van der Waals. Kwa kaboni 1.70 Å, dhahabu 1.66, fedha 1.72 na shaba 1.40, PTCDA iko kwenye 97% ya jumla hiyo kwa dhahabu, 84% kwa fedha na 86% kwa shaba. Fedha na shaba zinakaribiana sana. Dhahabu ndiyo iliyo peke yake.

Elektroni zinasema hivyohivyo. Kwenye Ag(111), LUMO ya PTCDA (obitali yake tupu ya chini kabisa) inajazwa na inaonekana kwenye UPS (kipimo cha elektroni zinazong'olewa na mwanga wa urujuanimno) chini kidogo tu ya kiwango cha Fermi, yaani mpaka wa juu wa elektroni za metali. Kwenye Au(111) inabaki tupu.

---

mgeni_wa_ombwe

Mkuu, hizo 2.86 zinapimwa na nini? Nilidhani STM (darubini ya ncha inayopitisha mkondo) inatosha, si inatoa urefu?

---

Kimiani

STM haitoi urefu wa atomi. Inafuata wingi wa elektroni kwenye volti uliyoweka. Badilisha volti kutoka 1 V hadi -1 V na "urefu" wa molekuli ileile unabadilika, ilhali molekuli haijasogea.

Namba hizo zinatoka kwenye mawimbi simama ya eksirei, NIXSW. Unaelekeza eksirei wima kwenye fuwele, kwa nishati inayotimiza sharti la Bragg, yaani miakisiko ya matabaka ya atomi inaimarishana. Wimbi linaloingia na linaloakisiwa yanajenga wimbi simama lenye hatua sawa na nafasi kati ya matabaka ya atomi. Kwa Ag(111) nafasi hiyo ni 2.36 Å na nishati ni takriban 2.63 keV, ndiyo maana kazi hii inahitaji sinkrotroni. Ukipandisha nishati kidogokidogo, wimbi linahama kwa nusu ya hatua yake, na fotoelektroni za C 1s (elektroni za ndani za kaboni) zinaongezeka au kupungua kutegemea kaboni ziko wapi.

Angalizo kwa wasomaji wa makala: kipimo hiki kinatoa sehemu ya hatua tu. Ukipata 0.21, urefu unaweza kuwa 0.50 Å, 2.86 Å au 5.22 Å. La kwanza haliwezekani na la tatu ni mbali mno kwa tabaka la kwanza, kwa hiyo unabaki na la kati. Kwa molekuli bapa ni rahisi kuchagua. Kwa molekuli yenye mikono iliyosimama, fikiri mara mbili.

Na usiache kuangalia namba ya pili, ile ya mpangilio, inayokwenda kutoka 0 hadi 1. Ikiwa chini ya 0.5 hivi, hakuna urefu mmoja. Una mchanganyiko: tabaka la pili limeanza, au molekuli imepinda. PTCDA yenyewe haibaki bapa kwenye fedha. Oksijeni za pembeni zinainama kuelekea metali kuliko kaboni.

---

MvukePolepole

Kabla ya kuvukiza chochote, uso. Ninaweka hapa utaratibu wa kawaida, kila mtu arekebishe kulingana na fuwele yake.

Ioni za agoni za 1 keV kwa dakika 15 hadi 20, agoni ikiwa kwenye eneo la 10⁻⁵ mbar, mkondo kwenye sampuli wa mikroampea kadhaa. Kisha pasha dakika 10: Au(111) takriban 750 K, Ag(111) 750 hadi 800 K, Cu(111) takriban 800 K. Rudia. Mizunguko ya mwisho shusha ioni hadi 500 eV ili usichimbe mashimo ambayo joto halitayafunika. Fuwele mpya inataka mizunguko mingi kuliko unavyotaka kusikia, kwa sababu salfa na kaboni zilizo ndani hupanda usoni kila unapopasha. Ndiyo maana uso uliokuwa safi baada ya ioni unaweza kuwa mchafu baada ya joto. Kwa hiyo XPS (kipimo cha elektroni zinazong'olewa na eksirei) ya S 2p ya salfa na C 1s ya kaboni ipimwe baada ya kupasha, si kabla.

Kwa dhahabu kuna kipimo cha bure. Au(111) safi hujipanga upya: atomi 23 zinajibana kwenye nafasi za atomi 22, na kwenye STM unaona mistari ya zigizaga yenye hatua ya 6.3 nm. Usipoiona, au ukiiona imekatikakatika na kung'ang'ania vidoa, rudi kwenye ioni.

Kinachowapotosha wengi ni themokapo. Ikiwa imebanwa kwenye bamba la sampuli badala ya fuwele yenyewe, tofauti ya 50 K haishangazi. Pairomita nayo haisaidii sana kwenye metali inayong'aa, kwani inatoa mnururisho kidogo. Mkilinganisha halijoto zenu na za makala ya wengine, kumbukeni hilo kabla ya kubishana.

Na muda. Langmiri, kipimo cha gesi iliyogonga uso: 1 ni 10⁻⁶ torr kwa sekunde 1. Kwenye 1×10⁻¹⁰ mbar inachukua saa 3 na dakika 40 hivi kufika hapo. Kwenye 1×10⁻⁹ mbar ni dakika 22. Dhahabu inavumilia, shaba haivumilii.

---

mgeni_wa_ombwe

Na kuvukiza je? Mita ya kwatsi inaniambia 0.3 nm, niamini kwamba ni tabaka moja?

---

MvukePolepole

Usiamini mpaka umepiga hesabu. Tufanye ya PTCDA kwenye Ag(111), kwa sababu kizio chake (kipande cha mpangilio kinachojirudia) kinajulikana vizuri: 12.61 kwa 18.96 Å, karibu mstatili, eneo 239 Å², molekuli mbili ndani. Hizo ni atomi 33 kamili za fedha kwa molekuli mbili. Ukigeuza, unapata molekuli 8.4×10¹³ kwa sentimita mraba, yaani takriban 55 ng/cm². Frikwensi ya kwatsi ya 6 MHz inashuka Hz 1 kwa kila 12.3 ng/cm² inayotua juu yake. Tabaka lako zima basi ni Hz 4.5!

Sasa fungua shata (kizuizi kilicho mbele ya kikombe cha unga) na uangalie: joto la kikombe peke yake linaweza kuisukuma kwatsi Hz kadhaa kabla molekuli hazijafika. Ndiyo sababu unaacha shata wazi kuelekea kwatsi mpaka kasi itulie, kwatsi yenyewe ikiwa imepozwa kwa maji, ndipo unageuzia sampuli. Halafu unafunga na kusubiri frikwensi irudi, unasoma tofauti ya mwanzo na mwisho, siyo kasi ya katikati.

Ukigawa 55 ng/cm² kwa msongamano wa 1.69 g/cm³ unapata 0.32 nm. Kwa hiyo 0.3 nm yako iko karibu, MRADI umeingiza msongamano sahihi na kwatsi inaona mvuke sawa na sampuli. Kama kwatsi iko karibu zaidi na kikombe, au pembeni, rekebisha kwa uwiano wa jiometria. Pia molekuli zinashika kwatsi baridi kuliko zinavyoshika sampuli ya 450 K. Hapo mita haina habari kabisa na kinachotokea kwenye sampuli.

Kuhusu kikombe: PTCDA kwa kawaida huanza kutoka vizuri karibu na 300 °C, CuPc (thalosianini ya shaba) juu zaidi, kati ya 350 na 400 °C. Unga mpya upashwe usiku kucha, nyuzi 20 hadi 30 chini ya halijoto ya kazi, mpaka shinikizo la chemba lirudi chini. Ukiruka hatua hii, unavukiza maji, viyeyushi na vipande vya molekuli kwanza, na hivyo ndivyo vinavyokalia kingo za ngazi zako za atomi usoni. Unga uwe umesafishwa kwa kuvukizwa kwenye tanuri lenye mteremko wa joto, angalau mara mbili. Maandishi ya "usafi 98%" kwenye chupa maana yake ni kwamba molekuli 2 kati ya 100 ni za kitu kingine, na mara nyingi zile nyepesi ndizo zinazotangulia kutoka.

Nyuzi 10 zaidi kwenye kikombe, kwa molekuli yenye nishati ya uvukizaji ya 2 eV karibu na 300 °C, huongeza mtiririko maradufu. Kwa hiyo kidhibiti kinachoyumba nyuzi 3 kinakupa kasi inayoyumba kwa asilimia 20 na zaidi. Lenga tabaka moja kwa dakika 5 hadi 10.

---

Tabaka_Moja

Nyongeza hapo. Kwa PTCDA kwenye Ag(111) kuna kipimo kisichotegemea kwatsi: weka matabaka kadhaa, kisha pasha hadi takriban 550 K. Matabaka ya juu yanabanduka, la kwanza linabaki kwa kuwa limefungwa kwa metali. Chukua XPS, weka uwiano wa C 1s na Ag 3d kama "tabaka moja" na utumie uwiano huo kupima mengine. Hii haifanyi kazi kwenye dhahabu kwa uhakika uleule, kwani tofauti kati ya tabaka la kwanza na la pili ni ndogo.

---

pete_badala_ya_nukta

Wadau, CuPc kwenye Ag(111), nusu tabaka, joto la chumba. LEED (picha ya elektroni za nishati ndogo zinazotawanywa na uso) inatoa pete hafifu tu kuzunguka nukta ya katikati, hakuna nukta za kizio. PTCDA kwenye chemba hiyohiyo inatoa nukta kali. Uso ni mchafu au nini?

---

Kimiani

Uso wako huenda ni mzima kabisa. Pete hiyo ndiyo jibu.

PTCDA zinavutana. Haidrojeni za pembeni za moja zinaelekea oksijeni za nyingine, kwa hiyo hata ukiweka tabaka 0.2 zinakusanyika visiwa vyenye mpangilio kamili, na LEED inaona visiwa. CuPc kwenye Ag(111) zinasukumana. Chini ya takriban tabaka 0.9 kwenye joto la chumba ni gesi ya pande mbili: molekuli zinatembea, kila moja ikijiweka mbali na jirani, na umbali wa wastani kati yao unatoa pete. Kipime kipenyo cha pete huku ukiongeza CuPc. Kikikua, molekuli zinasogeleana, na una uhakika kwamba ni gesi. Uchafu haungefanya hivyo.

Ukipita 0.9 hivi, nukta zinatokea, na hapo kuna jambo zuri: kizio hakina ukubwa mmoja. Kinapungua taratibu kadiri unavyoongeza molekuli. Ukitaka nukta kwenye wingi mdogo zaidi, poza sampuli kwa naitrojeni kioevu kabla ya kupima.

Kwa nini zisukumane? Kwa sababu zote zinakopa elektroni kutoka metali ileile. Molekuli inatoa kidogo kutoka obitali zake zilizojaa na kupokea kwenye LUMO. Jirani akija karibu, wote wawili wanagombea elektroni za eneo lilelile la uso, na kila mmoja anashikwa kidogo kuliko angekuwa peke yake. SnPc (thalosianini ya bati) kwenye Ag(111) inafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo nguvu kati ya molekuli si mali ya molekuli peke yake. Badilisha metali, na nguvu hizo zinabadilika.

Angalia pia nishati. Kwa vizio vikubwa hivi tumia elektroni za 10 hadi 40 eV. Kwa 100 eV, nukta za molekuli zinajazana katikati na huoni kitu.

---

Sindano

Na huyo huyo akiweka sampuli kwenye STM ya joto la chumba ataona mistari ya kelele na atalaumu ncha. Ni gesi ileile: molekuli inapita chini ya ncha mara nyingi kabla mstari mmoja wa picha haujaisha. Alama yake ni kwamba kelele iko kwenye tambarare tu, huku kingo za ngazi zikiwa zimepambwa na molekuli zilizotulia. Ncha mbovu inaharibu kila mahali kwa pamoja.

Mipangilio ya kuanzia kwa molekuli: 10 hadi 50 pA, 0.5 hadi 1.5 V. Mkondo wa 1 nA unaofaa kwa dhahabu tupu unaifikisha ncha karibu mno, na ncha inaburuta molekuli. Ukiona kisiwa kinaliwa upande mmoja kila unaposkani, ongeza volti au punguza mkondo. Ukizidi 2.5 V kwenye baadhi ya molekuli unaanza kuvunja vifungo, kwa hiyo hiyo si njia ya bure.

Kwenye 5 K kila kitu kinatulia, ila kuna mtego: mpangilio unaouona ni ule ulioganda wakati wa kupoza, si lazima uwe ule wa joto la chumba. Poza polepole na haraka, linganisha.

Kusoma picha: kwenye Ag(111) PTCDA karibu na sifuri volti inaonekana na umbo la LUMO, kwa kuwa LUMO imejazwa na iko hapo kwenye Fermi. Kwenye dhahabu, volti zilezile zinakupa umbo butu tu. Ukitaka kuona mifupa ya molekuli, unahitaji AFM (darubini inayohisi nguvu kati ya ncha na atomi) yenye molekuli ya CO kwenye ncha, mbinu iliyoonyeshwa mwaka 2009 na maabara ya IBM karibu na Zürich kwa pentasini.

---

mgeni_wa_ombwe

Swali la nishati ya kunata. Nina TPD (unapasha sampuli na kupima molekuli zinazobanduka) ya molekuli kubwa, kilele 500 K, kasi ya kupasha 1 K/s. Nimetumia fomula ya Redhead, ile inayogeuza halijoto ya kilele kuwa nishati, na kigezo cha mbele ν cha 10¹³ kama vitabu vinavyosema, nimepata 1.40 eV. Sawa?

---

Tabaka_Moja

Hesabu sawa, namba iliyoingia siyo. 10¹³ kwa sekunde inafaa kwa atomi moja au CO. Molekuli kubwa iliyobanwa usoni haiwezi kuzunguka wala kuteleza kwa uhuru, lakini ikiondoka inapata uhuru huo wote kwa mkupuo. Ongezeko hilo la entropia linapandisha kigezo cha mbele hadi 10¹⁶, 10¹⁹, hata zaidi.

Weka 10¹⁹ kwenye fomula ileile, E = RT[ln(νT/β) − 3.64], T (halijoto ya kilele) = 500 K na β (kasi ya kupasha) = 1 K/s. Unapata 193 kJ/mol, yaani 2.00 eV. Tofauti ya 0.6 eV kutoka kilele kilekile! Makala mbili zinazobishana kuhusu nishati ya molekuli moja, angalia kwanza kama zimetumia ν moja.

Njia ya uaminifu zaidi: pima kwa kasi kadhaa za kupasha, tuseme 0.2 hadi 5 K/s, na uchore ln(β/T²) dhidi ya 1/T. Mwinuko unakupa E bila kudhani ν. Kama zinasukumana kama CuPc, kilele kitashuka kadiri wingi unavyopanda, basi fanya hivyo kwa wingi uleule kila mara.

Matabaka mengi ni kitu kingine: kingo za mbele za mistari yote zinalaliana na kilele kinahamia juu kila unapoongeza. Ukiona hivyo, unapima nishati ya fuwele ya molekuli, metali haimo tena.

Na kabla ya kusherehekea kilele, hakikisha molekuli imeondoka nzima. Fuatilia tungamo 2 (haidrojeni) sambamba. Ikipanda pamoja na kutoweka kwa tabaka la kwanza, au XPS baada ya kupasha bado inaona C 1s, basi molekuli imevunjika na kubaki kama kaboni. Kwenye shaba hili ni la kawaida.

---

kalibu_la_pofirini

Hapo ndipo mlipofika kwangu. 2H-TPP (pofirini isiyo na metali katikati) kwenye Cu(111), baada ya kupasha umbo la STM limebadilika katikati. Imevunjika?

---

Kimiani

Huenda imejichukulia shaba. Kwenye takriban 400 K, atomi za shaba zinazozurura usoni zinaingia katikati ya pofirini, haidrojeni mbili za ndani zinaondoka, na 2H-TPP inakuwa CuTPP. Uthibitisho uko kwenye N 1s: kabla, vilele viwili vya ukubwa sawa, karibu 400 eV kwa naitrojeni zenye haidrojeni na 398 eV kwa zisizo nayo. Baada ya hapo, kilele kimoja kati yao. Ukiona vitatu, uko katikati ya safari. Kwa Ag(111) usitegemee fedha iingie kirahisi hivyo. Huko unavukiza metali yenyewe: chuma na kobalti huingia kwenye joto la chumba, zinki huhitaji kupashwa hadi 500 K hivi.

Hili nalo ni la metali kushiriki. Molekuli hiyo haifanyi chochote cha namna hiyo kwenye dhahabu kwa halijoto hizo.

---

Sindano

Tuingize na kuunganisha molekuli, maana ni kemia ileile. Mwaka 2007 kundi la Leonhard Grill lilionyesha pofirini zenye bromini zikiungana kwenye Au(111), na umbo la mwisho likifuata idadi ya bromini: moja inatoa jozi, mbili zinatoa mnyororo, nne zinatoa wavu. Mwaka 2010 ikaja mikanda ya grafini kutoka bianthrili yenye bromini mbili: 200 °C kwenye Au(111) inakata bromini na kuunganisha mnyororo, 400 °C inang'oa haidrojeni na kuufanya mkanda bapa, upana wa atomi 7.

Makosa ya kawaida: kupandisha moja kwa moja hadi 400 °C. Haidrojeni inayotoka mapema inafunga ncha za mnyororo na unapata mikanda mifupi. Kaa kwenye 200 °C dakika 10 na zaidi kwanza. La pili: kikombe cha moto mno. Kifungo cha C–Br kinaweza kukatika ndani ya kikombe, unga unaungana humohumo, na kasi inakufa hata ukiongeza joto. La tatu ni kuchukua halijoto za dhahabu na kuzitumia kwenye shaba: huko C–Br inakatika hata kwenye joto la chumba. Br 3d inakuonyesha: karibu 70 eV ikiwa bado kwenye kaboni, karibu 68 eV ikiwa kwenye metali.

---

HesabuZaUsiku

Kwa wa DFT (hesabu za kwanta kwa wingi wa elektroni), kwa ufupi. PBE tupu, kadirio la kawaida la hesabu hizo, haiishiki PTCDA kwenye Ag(111): urefu unatoka mkubwa na nishati karibu hakuna. Lazima nguvu za van der Waals ziongezwe, na kwa njia inayojua kwamba elektroni za metali zinazikinga, kama vdW-surf ya 2012, kwani marekebisho ya jozi za atomi bila kinga huelekea kuvuta kupita kiasi. Matabaka manne ya fedha juu ya kizio cha atomi 33, pamoja na molekuli mbili za atomi 38, ni atomi 208. Ombwe la 15 Å au zaidi juu ya molekuli, na usahihisho wa daipoli uwe umewashwa, la sivyo mabadiliko ya nishati ya kung'oa elektroni hayana maana. PBE pia inaweka LUMO chini mno, kwa hiyo chaji inayohamia kwenye molekuli ichukuliwe kwa tahadhari.

---

pete_badala_ya_nukta

Mkuu hapo juu katugusia nishati ya kung'oa elektroni. UPS yangu inaonyesha imeshuka 0.6 eV baada ya tabaka moja kwenye dhahabu. Ina maana molekuli imetoa elektroni kwa metali?

---

Tabaka_Moja

Si lazima, na mara nyingi siyo. Wingu la elektroni la metali tupu linachomoza nje ya atomi za mwisho na kujenga daipoli. Molekuli ikitua inalisukuma wingu hilo ndani, daipoli inapungua, na nishati inashuka kwa 0.5 hadi 1 eV bila elektroni hata moja kuhamia upande wa pili. Hata xenoni inafanya hivyo.

Kinyume chake ndicho cha hatari zaidi. PTCDA kwenye Ag(111) karibu haibadilishi nishati hiyo. Mtu anaona sifuri na kuandika "mwingiliano dhaifu", ilhali LUMO imejaa. Msukumo unaishusha, chaji iliyoingia kwenye molekuli inaipandisha, na viwili hivyo vinafutana. Kwa hiyo namba hii isisomwe peke yake. Tafuta hali mpya karibu na Fermi, pima mabadiliko ya C 1s, na ukiweza, urefu.

---

MvukePolepole

La mwisho kwa upande wangu, mpangilio wa vipimo kwenye sampuli moja. STM kwanza, kisha UPS, kisha XPS, na LEED ya kawaida mwisho. LEED yenye mkondo wa mikroampea inachoma tabaka la molekuli kwa dakika chache: nukta zinafifia huku ukizitazama. Ile yenye bamba la kuzidisha elektroni inatumia nanoampea, hiyo unaweza kuianza. Molekuli zenye bromini au iodini ni dhaifu zaidi, hata elektroni za pili zinazotolewa na eksirei zinakata kifungo.

---

mgeni_wa_ombwe

Fuwele yangu ni mm 8 tu, sina pa kuhamia.

---

MvukePolepole

Miale ya LEED ina upana wa mm 1 au chini. Ipige ukingoni, acha katikati kwa STM na XPS. Chukua C 1s ya haraka mwanzoni na mwishoni mwa zamu ya XPS, doa lilelile. Kilele kikipanuka au bega likiota upande mmoja, tupa data za katikati na uandae tabaka jipya, na safari hii punguza muda wa kila skani.